Mlango wa Kiroboto

Ngwii — kwap!

Waliokuwa watoto wakati ule leo wana vitambi na mvi, lakini wakisikia mlango wowote wa bati ukigoma kufunga, bado hugeuka kutazama barabarani. Sauti ile ilikuwa na sehemu mbili. Ngwii zilikuwa bawaba, zikilia mlango unapoinuliwa. Kwap ilikuwa nyonga ya Dereva ikimalizia kazi. Katikati ya hizo mbili palikuwa na kimya kidogo, kama cha mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Ukisikia sauti hiyo nje ya zahanati ulijua mambo mawili: kwamba mahali fulani mwanamke ameshikwa na uchungu, na kwamba Sista ameshapanda.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ile ya zamani ya kwendea porini, pua bapa, magurudumu yote manne ya kuvuta, tairi la akiba limelazwa juu ya boneti. Watu waliliita Kiroboto kwa sababu halikuwa likienda, lilikuwa likiruka. Liliruka mashimo, likaruka matuta, likaruka hata palipokuwa tambarare, kwa mazoea tu.

Dereva alikuwa mtu mfupi wa mikono mirefu, na kofia yake ilikuwa imekaa kichwani muda mrefu hata ikachukua sura ya kichwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini lilikaa ndani ya kitambulisho, kama suti ya harusi inavyokaa kabatini. Mtaa mzima ulimwita Dereva. Mkewe, mkunga wa zahanati, mtaa mzima ulimwita Sista. Kilichowachekesha majirani ni kwamba hata wao wenyewe waliitana hivyo hivyo. Walioana, wakajenga, wakazaa, wakagombana juu ya chumvi kwenye mboga, wote wakiitana kwa vyeo.

"Dereva, umeacha taa ya uani inawaka."

"Ni taa ya kuegesha, Sista."

Kustaafu hakukumstaafisha. Sebuleni alipanga viti viwili vya mbele vikitazama dirisha, cha kulia chake, cha kushoto cha Sista, na wageni wakakaa nyuma. Akipandishwa kwenye gari la mtu mwingine alikanyaga breki isiyokuwepo mpaka mwenye gari akaanza kuona haya. Na kila jioni aliyekuwa tayari kumsikiliza, na hata asiyekuwa tayari, alisimuliwa habari za Kiroboto.

"Nifungeni macho," alikuwa akisema. "Mnizungushe kama pia. Mniweke mbele ya magari mia. Nitamtoa Kiroboto kwa pua!"

Alilisema hilo mara nyingi hata watu wakaliamini, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuliamini.

Jambo moja tu hakupenda kulizungumzia, nalo ni ule mlango wa upande wa Sista. Fundi wa zahanati aliunyoosha mara nyingi, akaufunga na kuufungua mbele ya watu, akapangusa mikono na kuondoka akipiga mluzi. Siku chache tu, mlango ukarudia tabia. Ilisemekana hakuna aliyekaa ndani aliyeweza kuuvuta ukafunga. Ilibidi Dereva ashuke, azunguke pua ya gari, asimame hapo, apaze sauti kama mtu anayeita abiria, "Mkono ndani, Sista!" Sista angeuondoa mkono wake dirishani, akauweka juu ya mkoba. Ngwii. Kwap. Kisha azunguke tena arudi kwenye usukani. Mvua inyeshe, jua liwake, alizunguka.

"Bawaba zimezeeka," angesema mtu akimuuliza. "Hata wewe utazeeka."

Zahanati ilipopata gari jipya, Kiroboto alisukumwa nyuma ya chumba cha kufulia, na huko nyasi zikampanda mpaka madirishani. Kuku walitaga kwenye kiti cha Sista. Ndipo mtoto wa kiume wa Dereva na mume wa binti yake wakaenda kuliomba.

Mashemeji hawa walikuwa na gereji moja. Mtoto wa kiume alikuwa fundi wa mitambo, na watu walimwita Injini. Mkwe alikuwa fundi wa kunyoosha mabati na kupuliza rangi, na watu walimwita Bodi. Walipendana kwa namna ya mashemeji, yaani kwa matusi. Waliapa kumfufua Kiroboto, arudi alivyokuwa siku alipotoka kiwandani, na Dereva akawa anapita kila siku kuwapa mashauri ambayo hawakuyaomba.

Siku ya rangi ndiyo iliyovunja gereji. Tangu asubuhi Bodi alikuwa akipuliza rangi ya kijivu, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta, na alikuwa amebakiza kipande kidogo cha ubavu wa nyuma. Upande wa pili Injini alikuwa ameinamia kabureta. Mtambo wa Kiroboto, ulionyamaza tangu enzi za kuku, ukachagua dakika ile ile kufufuka. Ukapiga chafya, ukakohoa, ukatoa kwa ekzosi masizi yote uliyokuwa umeyatunza tumboni. Moshi ulipotulia, ubavu ule ulikuwa na madoa kama chui.

"Umefanya kusudi!" Bodi alisema, bomba la rangi mkononi.

"Mtambo umepata uhai, shemeji. Ulitaka niuambie ungoje rangi ikauke?"

"Ndiyo!"

"Basi na wewe ungeiambia rangi ikauke upesi!"

Hapo palihitajika mtu mmoja tu acheke, na mambo yangeisha. Hakucheka mtu. Kabla ya wiki kwisha, ukuta wa mabati ulipita katikati ya gereji, na Kiroboto naye akagawanywa. Bodi aliita wanaume wenye nguvu, wakafungua bolti, wakanyanyua bodi nzima na kuipitisha juu kama jeneza. Injini akabaki na chasisi, mtambo na magurudumu. Kiwiliwili huku, miguu kule.

Usidhani waliishia hapo. Kila mmoja alitafuta nusu aliyokosa. Injini alipata bodi ya gari la aina ile ile kwa mkulima aliyekuwa akifugia bata ndani yake. Bodi alipata chasisi na mtambo nyuma ya kiwanda cha mbao. Kila mmoja akafungia kazi yake nyuma ya turubai. Na turubai zilipofunguliwa, mtaa ukawa na magari mawili, rangi moja, pua bapa moja, na nyuma ya kila moja jina limeandikwa kwa herufi kubwa: KIROBOTO.

"Langu ndilo," alisema Bodi. "Gari ni umbo. Mtu humtambua mwenzake kwa uso, hamtambui kwa maini."

"Langu ndilo," alisema Injini. "Namba iko kwenye chasisi. Hilo la kwake ni shati limetundikwa."

Waliyasema hayo kwa watu wengine, maana wao wenyewe hawakusemeshana tena. Wakikutana kwa wazee kwenye chakula cha mchana, Sista ndiye aliyekuwa simu yao.

"Mama, mwambie mkweo apitishe maji."

"Mama, mwambie mwanao maji yako karibu naye kuliko akili yake."

"Mama, mwambie—"

"Mimi sina salio," alisema Sista, akasukuma jagi katikati ya meza kwa kidole.

Binti, mke wa Bodi na dada wa Injini, alikula akiinamia sahani. Dereva aligeuzia meza mgongo, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akaendesha. Baada ya muda walianza kuja kwa zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie, na Sista akawa anapasha moto chakula kile kile mara mbili. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawakusema mama yao achukue nini.

Ndipo Daktari, mwanamke kijana aliyekuwa msimamizi wa zahanati, akaleta habari. Alitaka Kiroboto asimame langoni, chini ya paa, na kibao chini yake, ili wanaokuja kujifungua wajue waliozaliwa kabla yao walifikaje.

"Lakini kibao kitasema, 'Hili ndilo,'" alieleza, akiwa ameketi kiti cha nyuma pale sebuleni. "Siwezi kuandika, 'Huenda ndilo.' Magari yapo mawili, na mafundi wote wawili wameniapia. Mzee, wewe umesema mara nyingi kwamba unaweza kumtambua umefungwa macho."

"Nani amekwambia?"

"Wewe. Nilipokuja kukupima presha. Na mara ile nyingine ya presha."

Daktari alipoondoka, wale wazee wawili walikaa wakitazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo na paka.

"Ukimchagua mwanao," Sista alisema, "binti yako hatakanyaga hapa tena. Ukimchagua mkweo, mwanao ndiye atakayepotea. Umelifikiria hilo?"

"Nitasema kweli."

"Kweli ipi?"

Dereva alishika usukani usiokuwepo. Lililomkaba hakulisema. Alikuwa amepita gereji zote mbili kwa siri, akayatazama magari yote mawili kupitia tundu la mabati, na moyo wake haukuruka kwa lolote. Mtu aliyelala ndani ya Kiroboto, akalia ndani yake, akala na kupiga gumzo ndani yake, alisimama pale na hakumjua.

Siku yenyewe uwanja wa zahanati ulijaa. Magari mawili yaliwekwa ubavu kwa ubavu, yanang'aa kama maharusi. Bodi alisimama kando ya lake na kitambaa laini mkononi. Injini alisimama kando ya lake na spana mfukoni. Binti na Sista walisimama katikati, kama mpaka wa nchi.

"Bandeji!" mtu mmoja alipiga kelele. "Alisema afungwe macho!"

"Ule ulikuwa msemo tu," alisema Dereva.

Alifungwa. Muuguzi alimfunga vizuri, kwa fundo la kitaalamu, kofia juu ya bandeji. Wakamzungusha kama pia, alivyokuwa ameagiza mwenyewe miaka yote. Walipomwachia alipepesuka kidogo, akanyoosha ile mikono yake mirefu, akaanza kutembea kwa uhakika wa mtu anayekwenda kwake. Aliyapita magari yote mawili. Alifika kwenye kibanda cha umeme, akagusa chuma, akainamisha pua, akavuta harufu ya mafuta. Uso wake ukalainika.

"Kiroboto," alisema. "Umekonda, mwanangu."

Lilikuwa jenereta la zahanati.

Watu walicheka mpaka mgonjwa mmoja akatoka wodini na dripu yake kuja kuuliza kuna nini. Hata Injini alicheka, hata Bodi, kila mmoja akitazama upande wake.

"Fungueni hii kitu," alisema Dereva. "Jenereta lina harufu ya uongo."

Bandeji ikatolewa. Sasa ilibidi afanye kazi kwa macho, na hapo watu wakaona kwamba mzaha umekwisha, maana aliivua kofia, jambo ambalo wengine hawakuwahi kuliona. Alianza na gari la Bodi. Alilizunguka. Alipitisha kiganja kwenye boneti, na kiganja kikateleza kama kwenye kioo. Alifungua mlango wa upande wa Sista. Ulifunguka bila sauti. Aliusukuma kwa kidole kimoja.

Kip. Kama jokofu.

"Mlango mzuri," alisema.

"Asante, Baba," alijibu Bodi, akimtupia shemeji yake jicho la pembeni.

"Mlango wa Kiroboto haukuwa mzuri."

Akaenda kwa gari la Injini. Alipanda, akakaa, akageuza ufunguo. Mtambo uliitika papo hapo, ukanguruma kwa adabu kama paka aliyeshiba. Injini alitabasamu, naye akamtafuta shemeji yake kwa pembe ya jicho.

"Linawaka mara moja," alisema Dereva.

"Hata ukiligusa kwa mawazo, Baba."

"Kiroboto hakuwaka mpaka umwombe. Ulimwomba, akakataa. Ukamtukana, akakataa. Ukamwomba radhi, ndipo akawaka." Alizima mtambo, akashuka, akarudisha kofia kichwani. "Daktari, andika ninavyosema. Haya ni magari mazuri sana. Kiroboto hakuwa gari zuri. Hapa hayupo."

Binti alishika mkono wa mama yake. Dereva mwenyewe alikuwa amekunja uso kama mtu aliyetoa taarifa ya msiba, na kwa hakika ndivyo alivyohisi.

"Hayupo?" Bodi alisema. Mkwe hapandishi sauti mbele ya baba wa mkewe, kwa hiyo alianza chini kabisa. "Baba, kwa heshima zote. Kwa heshima zote kabisa. Nimekaa na nyundo mpaka sikio moja limeacha kazi. Bati hili ndilo lile lile, na kila bonde nimelitoa kwa mkono. Unajua mabonde yale aliyatia nani?"

"Njia ilikuwa mbaya."

"Njia haina umbo la nguzo ya lango la zahanati, Baba!"

"Na mimi," Injini alidakia, "unajua nilikuta nini kwenye tangi la mafuta? Sabuni! Sabuni ya kufulia, imesukumwa kwenye tundu mpaka imekuwa jiwe!"

"Tangi lilitoboka njiani. Sabuni huziba."

"Huziba mpaka ufike nyumbani! Wewe ulikwenda nayo mpaka ukastaafu!"

"Mwambie la gia, shemeji," alisema Bodi.

"Nikaja kwenye mkono wa gia. Nini kinaushikilia usirukeruke? Kipande cha ndala! Soli nzima, alama ya kidole gumba bado ipo."

"Na waipa," alisema Bodi. "Waambie kuhusu waipa."

"Waipa ilikuwa ya upande wako."

"Ah, kweli. Waipa ilifungwa kamba! Kamba inaingia dirisha hili, inatokea lile!"

"Hiyo nilikuwa naivuta mimi," alisema Sista. "Mvua ikinyesha, mimi navuta kwangu, yeye anavuta kwake. Tulikuwa tunaona vizuri tu."

Binti alimwinamia mama yake sikioni. "Mama. Wanaongea."

"Nyamaza," Sista alinong'ona. "Usiwaamshe."

Wala hawakuamka. Walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele ya mzee, wametukanwa pamoja, na hakuna kinachounganisha mafundi wawili kama mteja mmoja asiyeshukuru. Kazi yao iliitwa uongo kwa sababu ilikuwa safi. Kila walichokitoa kwa shida, kutu na kamba na sabuni, ndicho mzee alichokuwa akikitafuta.

"Baba hataki gari lililotoka kiwandani," Injini alimwambia Bodi. "Anataka gari lililotoka kwake."

"Basi ngoja nimwonyeshe." Bodi aliingia kwenye gari lake, akatoka na kopo la maziwa ya unga. "Mimi nikitoa kitu kwenye gari sikitupi. Baba, hili nilikuwa nimeliacha kwa sababu ya adabu. Lakini sasa umenitukana mlango wangu."

Alimimina kiganjani washa kadhaa, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya bolti. Vilikuwa vimechakaa, vimepigwa mikwaruzo ya spana.

"Nilizikuta nyuma ya bawaba ya juu, mlango wa Mama. Washa hazina kazi mahali pale. Kiwanda hakiweki washa pale. Ukiziweka, bawaba inasukumwa nje, mlango unainama, hauingii kwenye kitasa chake mpaka mtu asimame nje auinue. Na tazama mikwaruzo hii, shemeji. Zimetolewa na kurudishwa, zimetolewa na kurudishwa."

Injini alizichukua, akazigeuza kwenye mwanga. "Fundi wa zahanati ndiye aliyekuwa anazitoa. Kila akiutengeneza mlango."

"Na anayerudisha?"

Watu walianza kugeuka mmoja mmoja, kama alizeti, kuelekea upande alikosimama Dereva. Yeye alikuwa ameishusha kofia mpaka ukingo wake ukagusa pua.

"Bawaba ilikuwa inacheza," kofia ilisema.

"Baba," alisema Injini, "gari la wagonjwa!"

"Haukuwahi kufunguka njiani! Ukishafungwa, umefungwa!"

"Ila aliyekaa ndani hawezi kuufunga. Lazima mtu ashuke, azunguke."

"Mtu gani?" aliuliza Daktari, ambaye alikuwa mgeni kidogo katika mambo haya.

Wauguzi wakongwe ndio walioanza. Mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja, mwingine akamkumbatia mwenzake, kisha kicheko kikapita uwanja mzima kama upepo kwenye shamba la mahindi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ila mzee huyu aliyafungia nyuma ya bawaba kwa bolti, yakakaa huko mpaka wajukuu wakaota meno.

Dereva alitamani jenereta limfiche.

Sista hakucheka na wengine. Alingoja wamalize. Kisha alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama, akaonyesha umati.

"Mikono hii," alisema, "imewavuta nusu yenu kuja duniani. Wewe pale, ulitanguliza makalio. Wewe ulikuwa mkubwa kama mbuzi. Mnadhani ilishindwa kuvuta mlango?"

Kofia iliinuka kidogo.

"Ulipougua, Dereva, wakaniletea yule dereva wa muda, aliyekuwa hashuki hata jua likianguka. Nani alikuwa anaufunga? Niliuinua hivi, nikauvuta. Kwap! Mara moja."

"Sasa..." Dereva aliisukuma kofia nyuma. "Sasa miaka yote hiyo mbona ulikuwa unakaa tu, unaningoja?"

"Mimi nilidhani unapenda kutembea," alisema Sista.

Ilichukua muda watu kutulia. Daktari, ambaye alikuwa amefuta macho kwa ncha ya koti lake jeupe, alijaribu kurudi kwenye kazi. "Kwa hiyo, Mzee, kama mlango ni ule ule, basi ni gari la mkweo?"

Uso wa Injini ulishuka. Binti aliona, Sista aliona, na Dereva akaona. Alitazama huku na kule, lakini safari hii hakutazama magari, alitazama wale vijana wawili, mikono yao ya mafuta na rangi.

"Mlango uko kwa huyu," alisema. "Mtambo ulioombwa ndipo uwake uko kwa yule. Mimi nimemaliza. Wenye nusu waseme."

Injini alikuna shingo kwa washa.

"Zile bolti za kukalia bodi," alisema hatimaye, akiitazama ardhi. "Matundu yake hukuyagusa?"

"Hayajaguswa."

"Na nani atanyanyua bodi yote hiyo?"

"Wewe. Hayo mabega unayafugia nini?"

"Sharti moja. Hakuna kupuliza rangi mbele ya ekzosi yangu."

"Na hakuna kuwasha kitu mpaka rangi ikauke, mjinga wewe!"

"Mjinga ni wewe, shemeji."

Sista alifumba macho kama mtu anayesikia muziki.

Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko walivyosema, kama kazi zote za gereji. Waligombana kila siku, lakini waligombana ana kwa ana, na chakula kikapashwa moto mara moja tu. Dereva alisimamia urudishaji wa mambo ya kweli. Alikubaliwa kipande cha ndala. Alikubaliwa kamba ya waipa. Sabuni alikataliwa, akanuna mpaka Injini akambandikia kipande nje ya tangi, cha pambo. Bonde la nguzo lilirudishwa na Bodi mwenyewe, kwa nyundo, huku akifumba macho kwa uchungu. Mabaki ya nusu zile nyingine yaliunganishwa yakawa gari la pili, nalo wakaliita Chawa, wakawa wanabebea vyuma vyao. Ukuta wa mabati uling'olewa, na mabati yakawa paa la Kiroboto pale langoni.

Kibao kikaandikwa: Hili ndilo.

Alasiri ya mwisho mashemeji walikuwa juu ya ngazi, wakipigilia bati la pembeni na kubishana juu ya misumari. Sista alikuja na mkoba wake wa zamani, akautazama mlango uliokuwa wazi umeinama upande, akapanda polepole kwa sababu ya magoti. Akakaa. Akautandaza mkono dirishani, mahali pale pale.

Dereva alizunguka pua ya gari. Hakuwa na haraka, na njia nzima mkono wake haukuachana na boneti. Akasimama mlangoni, akarekebisha kofia.

"Mkono ndani, Sista!" aliita, hata nyundo juu zikanyamaza.

Sista aliuondoa mkono, akauweka juu ya mkoba. Dereva aliinama, akauinua mlango. Ngwii. Na pale katikati, kwenye kile kimya kidogo, kabla nyonga haijafanya kazi yake, aliingiza kichwa dirishani, akasema kwa sauti ambayo walio juu ya ngazi hawakuipata:

"Kutembea sijawahi kupenda."